Mifuko Myeupe ya Zinaida

Mwasho ulianza kwenye nyayo. Zinaida alidhani ni buti za mpira, akazivua, akazisuuza, akazianika juu chini kwenye nguzo za uzio, akavaa za mumewe. Mwasho haukwenda popote. Siku mbili baadaye ulipanda kwenye viganja. Alijikuna mpaka ngozi ikawa nyekundu, akatafuta kipele, hakuna hata kimoja. Akapaka yale mafuta mazito wanayopaka chuchu za ng'ombe wakati wa baridi. Hayakusaidia.

Siku ya nne aliingia chooni asubuhi, akaangalia chini, akabaki ameshika ukuta. Mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyolala kwenye birika.

Akaenda zizini hivyohivyo, maana ng'ombe hawasubiri mtu amalize kuogopa. Begi lilikuwa mgongoni, na ndani ya begi pampu ndogo ilikuwa ikinong'ona, ikisukuma chakula kutoka kwenye mfuko kwenda kwenye mrija ulioingia kifuani mwake, chini kidogo ya mfupa wa bega, mpaka kwenye mshipa mkubwa ulio karibu na moyo. Kila jioni saa moja alijifunga mfuko, na kila asubuhi saa moja aliutoa. Kwa miaka mitatu ndivyo alivyokula. Kinywani alikuwa anaonja tu.

Kukamua kulipokwisha, Bazyli, mumewe, alitoka kupakia majani. Zinaida akabaki peke yake kwenye chumba cha maziwa. Alichota kikombe kimoja kwenye tangi, akasimama mbele ya kioo kidogo kilichoning'inia juu ya sinki, akainua kikombe mpaka usawa wa shavu, akajitazama.

Maziwa yalikuwa meupe. Macho yake yalikuwa na rangi ya siagi ya mwezi wa tano, ng'ombe wanapoanza kula majani mabichi.

Alimmwagia paka yale maziwa, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alijua ni ini. Tena alijua kwa nini. Ghalani, nyuma ya mitungi ya matango ya chumvi, kulikuwa na boksi moja ambalo halikutakiwa kuwepo. Majuma saba yaliyopita yalikuwa maboksi sita.

*

Watu wa Dubniki, kijiji kilicho karibu na mpaka wa Belarusi, walimjua Zinaida kama mwanamke asiyekaa. Aliolewa pale akiwa na miaka kumi na tisa, akakuta ng'ombe wanne, na yeye na Bazyli wakawafikisha ishirini na sita. Alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti, mwenye mikono mipana, na alijua kumtuliza ndama kwa kumnyonyesha kidole. Binti yao alikwenda kuishi mjini. Nyumbani wakabaki watatu: yeye, Bazyli, na Marfa, mama yake Bazyli, mwenye miaka themanini na sita, macho yameziba ukungu, mdomo mzima.

Halafu, vuli moja, donge la damu likaziba mshipa wa tumbo. Zinaida alianguka kwenye shamba la viazi akiwa ameshika ndoo. Alipozinduka hospitalini, daktari wa upasuaji alimwambia kwamba utumbo karibu wote umekufa na umetolewa. Ulibaki kipande kifupi, kama mkono kutoka begani hadi kwenye vidole. Chakula kikiingia kinapita tu, mwili haupati kitu.

"Basi nitaishi vipi?" aliuliza.

"Kwa mshipa," akajibiwa.

Wakamfundisha majuma sita. Kunawa mpaka kwenye viwiko. Kuvaa glovu bila kugusa upande wa nje. Kukandamiza mfuko uliogawanyika vyumba vitatu mpaka kuta za ndani ziachane: chumba cha sukari, chumba cha protini, chumba cha mafuta. Vikichanganyika, mfuko mzima unakuwa mweupe kama maziwa.

Ule weupe ulimpendeza tangu siku ya kwanza. Ulikuwa kitu pekee katika balaa lile lote kilichofanana na maisha yake. "Wamenifanya ndama," alimwambia Bazyli kwa simu. "Nanyonya usiku kucha."

Nyumbani, Marfa alisikiliza pampu kwa muda mrefu, kisha akasema, "Trekta limeingia. Nani kaliacha linaunguruma sebuleni?"

"Ni mimi, Mama."

"Ooh, ni mkaza mwanangu. Basi akikupigia honi, Bazyli, umpishe njia."

Walicheka, na kucheka kuliwasaidia. Zinaida akarudi zizini na begi mgongoni. Kiwanda cha maziwa kilipima mafuta ya kila tangi, na tangi la Bazyli lilisifiwa. Katika nyumba ile kipimo cha maziwa kilikuwa mafuta. Yaliyoondolewa mafuta yakabaki majimaji walipewa nguruwe.

*

Mwezi wa tatu, siku chache kabla Waorthodoksi hawajaingia mfungo mkuu, simu ililia. Alikuwa Sista Raisa, muuguzi wa kitengo cha wanaolishwa kwa mshipa katika hospitali kubwa ya mkoa, mtu aliyezaliwa kijiji cha jirani na aliyezungumza lugha ya nyumbani.

"Bi Zina, kuanzia Jumatatu unaingia mfungo."

"Najua, Sista. Hata wewe unaingia. Au umeshakuwa mpagani huko mjini?"

"Wewe nawe! Siongelei kanisa, naongelea ini lako. Vipimo vimepanda. Daktari anasema limejaa mafuta kama la bata bukini aliyeshindiliwa chakula. Anakupunguzia mifuko myeupe. Utakuwa unapata mmoja tu kwa wiki, Jumapili. Siku nyingine mifuko ya mfungo, ile isiyo na mafuta."

"Ile ya majimaji?"

"Ndiyo hiyo."

"Mpaka lini?"

Nje lori la maziwa lilikuwa linarudi nyuma, linapiga kelele. Raisa akasema, "Tutaangalia vipimo baada ya Pasaka." Zinaida akasikia neno moja tu.

"Wamenifunga mpaka Pasaka," alimwambia Bazyli.

"Si ni kama sisi sote?" alisema Bazyli. "Utavumilia."

Na kweli kwa mtu wa Dubniki hakukuwa na jambo la ajabu. Kila mwaka kwa majuma saba walikamua maziwa asubuhi na jioni bila kuonja hata tone, hakuna nyama, hakuna yai, hakuna jibini, ni viazi na kabichi na mafuta ya kitani. Mfungo una mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Mlango wa kutokea ni Pasaka, na kuendelea kufunga wiki ile ya Pasaka ni dhambi, hata padri anakukemea.

Mifuko mipya ilipoletwa, pamoja nayo kulikuwa na barua ya daktari. Zinaida alisoma mstari wa kwanza, akaichomeka nyuma ya picha takatifu iliyo kwenye kona. Dereva aliuliza kama kuna maboksi ya zamani ya kurudisha.

"Hakuna," alisema Zinaida.

Yalikuwepo sita, ghalani. Hakuona kama amesema uongo mkubwa. Alikuwa mtu ambaye hajawahi kumwaga maziwa mazuri maishani mwake.

Mfungo ulikuwa mgumu. Mifuko ya majimaji ilimfanya ajione mwepesi, kama nguo kwenye kamba. Huenda ilikuwa kweli, huenda ni vile alivyoitazama. Asubuhi alikaa mara mbili kabla hajamaliza ng'ombe wa kwanza. "Wananilisha maji ya nguruwe," alilalamika.

"Nguruwe wananenepa," alisema Marfa. "Nyamaza ufunge."

Usiku wa Pasaka walirudi kutoka kanisani na kikapu cha mayai mekundu, mkate mtamu na jibini. "Kristo amefufuka!" "Kweli amefufuka!" Zinaida alionja jibini kwenye ncha ya kisu, akaiacha iyeyuke ulimini. Kisha akaingia ghalani, akatoa mfuko mmoja wa zamani, akaukandamiza kwa viganja viwili mpaka kuta zikaachana na weupe ukatambaa pande zote. Machozi yalimtoka kwa furaha.

Siku ya Jumatano walichukua damu yake kwenye zahanati. Ijumaa Raisa alipiga simu. "Vipimo vimeshuka, Bi Zina! Daktari amefurahi sana. Anasema endelea hivyohivyo."

Mfuko alioutumia Zinaida usiku uliopita ulikuwa mweupe.

"Hivyohivyo?" aliuliza.

"Hivyohivyo."

Akaendelea hivyohivyo. Mifuko ya majimaji iliyokuja aliitumia siku tatu kwa wiki, siku nyingine myeupe. Alijua na hakujua. Mtu anaweza kuishi hivyo kwa muda mrefu, hasa akiwa na nguvu, na yeye alikuwa na nguvu. Majani ya kwanza yalikatwa, na yeye ndiye aliyeendesha trekta. Mara mbili alitaka kumpigia Raisa amuulize vizuri. Mara zote mbili alikumbuka kitu cha kufanya.

*

Sasa ilikuwa mwezi wa sita, na alivaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Miadi ya hospitali ilikuwa baada ya siku tisa.

"Jua limekuumiza?" aliuliza Bazyli.

"Vumbi la majani."

Bazyli hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili. Alimwamini, na hilo lilimuuma kuliko mwasho.

Alihesabu siku kwa hofu ya namna mbili. Ya kwanza aliielewa vizuri, kwa sababu Daktari Mielnik alishamweleza tangu mwanzo. Utumbo hana. Anaishi kwa mfuko, na kila kilichomo kwenye mfuko lazima kipite kwenye ini. Ini likigeuka kovu, halitapokea tena. Mfuko utakuwa sumu, na bila mfuko atakufa njaa akiwa na ghala limejaa. Kinachobaki hapo ni hospitali ya mji mkuu, Warszawa, kupandikizwa ini na utumbo wa mtu aliyekufa. Kwenye korido ya kliniki aliwahi kukaa na mzee mmoja aliyekuwa akingoja majibu ya mdogo wake aliyepelekwa huko. Juma lililofuata mzee alikuja peke yake kurudisha pampu.

Hofu ya pili ilikuwa aibu. Akisema ukweli, wataandika kwenye jalada kwamba Zinaida wa Dubniki hafuati masharti. Mtu wa namna hiyo nani atampa ini la thamani? Nani atamwachia mifuko nyumbani? Watamlaza wodini maisha yake yote, atatazama dari, na ng'ombe watapanda lori. Kwa hiyo alinyamaza, akajikuna, na boksi la mwisho halikuguswa tena.

Marfa ndiye aliyemfichua. Walikuwa wamekaa mezani, Bazyli anakula viazi, Zinaida anasugua nyayo zake kwenye mguu wa kiti chini ya meza.

"Nani huyo?" alisema Marfa.

"Nani nani, Mama?"

"Anayejikuna. Siku ya tano leo nasikia. Krr, krr, kama nguruwe kwenye mlango." Akageuza uso wake usioona upande wa Zinaida, na sauti yake haikuwa ya utani. "Mama yangu mzazi alijikuna hivyo. Kiangazi kizima. Wakati wa viazi tukamzika. Bazyli, mtazame mkeo machoni. Mimi siwezi."

Kijiko cha Bazyli kilibaki hewani. "Zina. Vua miwani."

"Ni vumbi, nimekwambia."

"Vua."

Akavua. Dirisha lilikuwa nyuma ya Bazyli na mwanga wote wa mchana ulimpiga usoni. Bazyli alitazama, akasukuma sahani pembeni polepole, akasimama kutafuta ufunguo wa gari, akaupita mara tatu pale ulipokuwa.

"Nani atakamua?" aliuliza Zinaida.

"Wacha wajikamue wenyewe," alisema Bazyli. Katika miaka thelathini na tano ya ndoa yao hakuwahi kusema neno kama hilo. Hapo ndipo Zinaida alipoinuka kutafuta viatu.

*

Hospitalini walimchukua damu vichupa sita. Wakampaka mafuta baridi tumboni, wakapitisha kifaa, wakatafuta jiwe kwenye nyongo. Hakuna jiwe. Wakamlaza ubavu, wakaweka mashine nyingine kati ya mbavu, inayopima ugumu wa ini. Ilimgonga kidogokidogo, tok, tok, kama mtu anayebisha hodi na hana uhakika kama ndani kuna mtu. Fundi wa mashine alikuwa kijana mchangamfu, alikuwa akimsimulia habari za samaki aliyemvua. Alipotazama namba kwenye kioo aliacha kusimulia.

Walisubiri saa nne kwenye benchi. Bazyli alishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Nitawauza," alisema ghafla.

"Kina nani?"

"Ng'ombe. Ukienda Warszawa nitakuja kukaa na wewe huko. Watu wanapanga vyumba. Nimemsikia mmoja pale dirishani."

"Na mama yako?"

"Atakuja. Atawatukana watu wa Warszawa." Alijaribu kucheka. Kidevu kilimcheza, akageuka kutazama tangazo la kunawa mikono.

Zinaida aliyatazama mabega yale yaliyobeba mafungu ya majani tangu ujana. Mdomo ulimjaa maneno, akayameza.

Daktari Mielnik alikuwa mwanamke mwembamba, asiyezungusha maneno. Raisa alikuwa pembeni yake, amesimama, jalada mkononi.

"Kipimo cha manjano kimepanda mara tano," alisema daktari. "Ini limekuwa gumu kuliko mwaka jana. Sasa nisikilize, Bi Zinaida. Mwezi wa tatu nilikupunguzia mafuta. Vipimo vikashuka vizuri, nikadhani tumeipata sababu. Sasa vimepanda wakati mafuta karibu hupati. Kwangu mimi hiyo ni dalili mbaya kuliko manjano yenyewe. Maana yake sababu si mafuta tena. Ini linaenda lenyewe, na mimi sina kitu kingine cha kukuondolea." Akavuta karatasi. "Kwa hiyo leo naandika Warszawa. Hatuwezi kungoja vuli."

Akaanza kuandika. Kalamu ilikwaruza. Bazyli alikuwa akitikisa kichwa kukubali kila kitu, kama mtu anayeelekezwa njia katika mji asioujua.

Zinaida alitazama ile karatasi ikijaa. Aliona kwa ghafla jambo ambalo hakuliona katika siku zote za kujificha: kwamba daktari huyu, mwenye akili kuliko wote aliowahi kukutana nao, alikuwa akiendesha gari gizani, na aliyezima taa ni yeye.

"Nilikuwa nakula," alisema.

Kalamu ikasimama. "Unakula nini?"

"Myeupe. Tangu Pasaka. Siku nne kwa wiki. Yalikuwepo maboksi ghalani."

Pampu ya mgonjwa mwingine ililia kwenye korido, ikanyamazishwa.

"Zina," alisema Bazyli kwa sauti ndogo.

"Mfungo ulikwisha!" alisema Zinaida, na machozi yakaanza kumtoka. "Sista alisema mfungo. Mpaka Pasaka. Pasaka ikaja, nami nikafungua kama watu wote. Halafu nikapigiwa simu, endelea hivyohivyo, nikaendelea."

Raisa alikaa kwenye kitanda cha kupimia wagonjwa, jambo lisiloruhusiwa. Alikuwa amepauka. "Nilisema vipimo baada ya Pasaka," alisema. "Vipimo, Bi Zina. Mimi ndiye niliyeiita mifuko ya mfungo. Nilidhani ni utani mzuri."

"Barua yangu ilisema mpaka nitakapoandika tena," alisema daktari.

"Sikuimaliza."

"Na dereva uliambiwa umrudishie maboksi."

"Niliambiwa. Nikamdanganya." Zinaida alifuta pua kwa kiganja. "Daktari, sikuwa mjinga kabisa. Katikati pale nilianza kujua. Nilikuwa napata nguvu, ndiyo maana sikuuliza. Maji yale... sisi yale tunawapa nguruwe."

Daktari Mielnik alifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa na hasira, na haikujificha. "Majuma saba," alisema. "Nusu saa iliyopita nilikuwa natafuta ugonjwa ambao haupo. Ningekupeleka ukapasuliwe, mama. Unaelewa? Wengine hawatoki mle." Akalivuta jalada, akasoma upya kurasa za nyuma, moja baada ya nyingine. Zinaida alimwona midomo ikicheza.

"Hii inabadilisha hesabu," alisema mwishowe, taratibu. "Kama ni mafuta, kuna nafasi kwamba litarudi. Nimesema nafasi. Leo hutapata hata tone la mafuta, na majuma mawili baada ya leo hivyohivyo, halafu tutaona kama tukupe mfuko mmoja mweupe kwa wiki, maana bila mafuta kabisa nako mwili unaharibika. Nitapunguza sukari kidogo. Usiku mmoja kwa wiki hutajifunga kabisa, ini lipumzike. Na utakula. Kidogo, mara nyingi, hata kama kinapita. Tumbo likifanya kazi, nyongo inatembea."

"Na ile karatasi?" aliuliza Bazyli.

Daktari aliitazama karatasi yake iliyoandikwa nusu. Zinaida alingoja aichane. Hakuichana. Alifungua mtoto wa meza, akaiweka, akafunga.

"Inakaa hapa," alisema. "Ugumu ule hautatoka wote, hata manjano yakiisha. Kovu ni kovu. Vipimo kila wiki mbili. Visiposhuka mpaka mwezi wa nane, naitoa."

"Hamtanilaza?" aliuliza Zinaida. "Hamtaninyang'anya mifuko?"

"Ningekuwa nalaza kila aliyenidanganya, Bi Zinaida, wodi ingefika mpakani. Nenda nyumbani. Lakini maboksi yale..."

"Limebaki moja."

"Utalimwaga. Wewe mwenyewe."

*

Alilimwaga siku iliyofuata, mchana, kwenye shimo la maji machafu nyuma ya zizi. Mifuko minne. Alikata kona kwa mkasi, akaacha vyumba vitiririke, na Marfa alikuja na fimbo yake akasimama kusikiliza.

"Yanalia kama maziwa," alisema Marfa.

"Si maziwa, Mama. Raisa kanieleza jana. Ni mafuta ya soya."

"Soya?" Marfa alifikiri. "Maharage?"

"Maharage."

"Basi hata wakati wa mfungo yanaruhusiwa! Mkaza mwanangu, umekosa pande zote. Umekula maharage ukidhani umefungua, ukataka kufa kwa maharage." Akacheka mpaka akakohoa, kisha akanyoosha mkono hewani, akautafuta mkono wa Zinaida, akaushika na kuung'ang'ania. Mkono wa bikizee ulikuwa wa baridi. "Usinitangulie," alisema. "Unasikia? Mimi nina zamu yangu pale makaburini, na sipendi kusukumwa kwenye foleni."

Wiki mbili za kwanza vipimo havikushuka. Zinaida hakulala vizuri. Alikuwa akijigusa chini ya mbavu za kulia kila alipogeuka, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa. Wiki ya nne manjano yalishuka kidogo. Wiki ya sita yalipanda, Raisa akapiga simu mwenyewe, akasema labda maabara imekosea, na ikapita siku tatu nzima ndipo ikajulikana kwamba kweli ilikosea. Katika siku zile tatu Bazyli alimwita mnunuzi wa ng'ombe, akazunguka naye zizini, akashindwa kutaja bei, akamrudisha.

Mwezi wa nane mashine iligonga tena mbavu zake, tok, tok. Manjano yalikuwa yamerudi karibu na kawaida. Ugumu ulikuwa palepale. Daktari Mielnik alisema hilo lilikuwa la kutarajiwa. Hakuitoa karatasi kwenye mtoto wa meza, wala hakuitupa.

"Sista," Zinaida alimuuliza Raisa mlangoni, "mfungo huu unaisha lini?"

Raisa alikuwa ameapa kutotumia tena neno lile. "Barua utaisoma yote?" aliuliza.

"Yote. Mara mbili. Na Bazyli atasoma."

"Basi iko humo." Na kwenye barua iliandikwa kwa herufi kubwa, na mstari chini yake, kwamba hauishi.

Wanaendelea kukamua, ng'ombe ishirini na sita. Zinaida anafanya nusu ya kazi aliyokuwa akifanya, na anakaa kwenye ndoo kila akichoka, bila kusubiri aanguke. Anakula viazi vilivyopondwa, vijiko vitatu, mara sita kwa siku, na anavilaani. Kila asubuhi, saa moja, akishafungua mrija, Bazyli anachota kikombe cha maziwa kwenye tangi na kumsogeza mkewe mlangoni palipo na mwanga. Anainua kikombe mpaka usawa wa shavu. Zinaida anafumbua macho kabisa, hapepesi.

"Sema," anasema Zinaida.

Bazyli anatazama maziwa, anatazama jicho, anatazama maziwa tena. Hana haraka, kwa sababu aliahidi kutosema la kumfurahisha.

"Leo sawa," anasema.

Halafu anampa mkewe kikombe amshikie, anakwenda kuwafungulia ng'ombe.